Mizani Ndiyo Inayowasha Moto

Hotuba kwa mafundi wa elektroniki na wanunuzi wa chakavu, Dar es Salaam

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa, bwana afya, mafundi wenzangu, wazee wa mizani, vijana wa mikokoteni, na nyinyi mama lishe mlioacha masufuria jikoni mkaja kutusikiliza, itifaki naomba ihesabiwe imezingatiwa. Nikimruka mtu anisamehe, miwani nimeisahau dukani.

Nimekuja na bodi. Imetoka kwenye tivii ya chogo, zile za zamani zenye mgongo mnene, inchi 21. Mwenyewe aliniachia miaka sita iliyopita akaniambia anakwenda kutafuta hela ya flaibeki, kile kifaa kinachopandisha volti ndani ya tivii. Bado anaitafuta. Sasa wenye macho ya ujana wasogee waangalie hapa pembeni, karibu na tundu la skrubu. Mnaona maandishi meupe? 94V-0. Hakuna fundi humu ambaye hajakutana nayo. Yapo kwenye bodi za redio, za chaja, za kompyuta, za king'amuzi. Mimi nimeyatazama zaidi ya miaka ishirini nikijua ni namba ya kiwanda. Siku moja kijana niliyekuwa namfundisha kazi akaniuliza, "Mzee, hizi ni volti 94?" Nikamjibu ndiyo. Mungu anisamehe.

Hakuna volti pale. Ule ni mtihani wa moto. Kipande kinasimamishwa wima, kinawekewa mwali kwa sekunde kumi, mwali unaondolewa. Kisha kinawekewa tena. Kikiendelea kuwaka zaidi ya sekunde kumi baada ya mwali kuondolewa, kimefeli. Kikidondosha tone linalowaka, kimefeli. Kilichofaulu ndicho kinachopewa V-0. Maana yake bodi hii niliyoishika ilitengenezwa makusudi ikatae moto. Mtu alikaa maabara akahangaika mpaka akapata kitu kisichotaka kuwaka.

Sisi tunaichukua, tunaiwekea tairi chini, tunaimwagia petroli, tunaibembeleza mpaka iwake. Leo nataka kuongelea huo ubembelezaji, nani anaufanya, na nani anamlipa aufanye.

Plastiki ni mtoto wa petroli. Ukiiacha ilivyo inawaka kama mshumaa, na ndani ya chogo kuna volti elfu ishirini na zaidi zinazopita karibu na kava. Watengenezaji walijua tivii zitaunguza nyumba za watu, wakatafuta dawa. Waliyoipenda zaidi ina bromini ndani yake. Bromini ni ndugu wa klorini, ile ya dawa ya kufulia nguo nyeupe. Plastiki ikipata joto kali, bromini inatoka na kuukaba moto koo kabla haujashika. Wakaiongezea na antimoni ili ifanye kazi vizuri zaidi. Kwenye bodi, sehemu kubwa ya dawa hiyo huungana na gundi ya bodi yenyewe. Kwenye makava ya tivii na kompyuta za zamani haikuungana na kitu. Ilichanganywa tu, kama mchanga kwenye mchele, na haikutiwa kwa kijiko: asilimia kumi ya uzito wa kava, wakati mwingine zaidi. Kava la kilo tatu, hesabu gramu mia tatu za dawa.

Kwa kuwa imechanganywa tu, inatoka. Joto la miaka kumi linaitoa kidogo kidogo na inakaa kwenye vumbi. Mnalijua lile vumbi jeusi la ndani ya chogo, laini kama masizi, linaloganda kwenye flaibeki kwa sababu ya umeme mkubwa. Nani hapa hajawahi kulipuliza kwa mdomo? Inyoosheni mikono. Haya, nashukuru kwa ukweli. Mimi nilikuwa napuliza, nakohoa, nanywa maziwa. Tuliambiwa maziwa yanasafisha kifua.

Na mkisikia maziwa, nina kisa cha Marekani, jimbo la Michigan, mwaka 1973. Kiwanda kimoja kilikuwa kinatengeneza vitu viwili: dawa ya kuzuia moto ya jamii hii ya bromini, na madini ya kuchanganya kwenye chakula cha ng'ombe. Majina yake ya biashara yalikaribiana, moja FireMaster, jingine NutriMaster. Mifuko ikachanganywa. Dawa ya moto ikaenda kwenye kinu cha chakula cha mifugo, ikagawiwa mashambani. Ng'ombe wakaacha kula, maziwa yakapungua, kwato zikaharibika. Wafugaji walilalamika karibu mwaka mzima kabla haijajulikana ni nini. Mwisho waliuawa ng'ombe wapatao 30,000 na kuku kama milioni moja na nusu wakafukiwa. Lakini wakati huo watu walikuwa wameshakunywa maziwa na kula nyama na mayai. Mpaka leo wanafuatiliwa. Wasichana ambao mama zao walikuwa na dawa nyingi mwilini, wakaipata tumboni na kwenye ziwa la mama, walionekana kuvunja ungo mapema kuliko wenzao. Dawa hizi hupenda mafuta. Zikiingia kwenye mafuta ya mwili haziondoki leo wala kesho, na mwili unazichanganya na homoni, hasa za tezi ya shingo.

Ndiyo maana dunia ilizikataa. Mkataba wa Stockholm, ambao Tanzania imo, ulianza kuziondoa mwaka 2009, na ile iliyotumika sana kwenye makava ya tivii ikaongezwa mwaka 2017. Vizuri. Ila mkataba unazuia kutengeneza mpya. Chogo la mwaka 1998 lililoko stoo kwangu halijasoma mkataba.

Niende kwenye kitu tunachokifahamu zaidi: lehemu. Lehemu yetu ya kawaida ni bati sitini, risasi arobaini. Zipo zisizo na risasi, zimejaa madukani tangu Wazungu wa Ulaya walipopiga marufuku risasi kwenye vifaa vipya Julai 2006, lakini tuseme kweli, fundi haipendi. Inataka joto kubwa, inang'aa vibaya, na bei iko juu. Kwa hiyo tunatumia ya risasi. Meza ya fundi inavyokuwa mnaijua: hapa bodi, hapa lehemu, hapa mita, hapa kikombe cha chai ya rangi na chapati imefunikwa na gazeti. Unapiga lehemu, unafuta ncha ya chuma kwenye suruali, unakata chapati. Moshi unaoingia machoni ni wa ile pesti ya kusaidia lehemu ishike, si wa risasi. Risasi haipandi kwa moshi kwenye joto lile. Inakaa vidoleni na inasafiri na chapati.

Sasa niseme jambo langu, halafu tuendelee.

Miaka ya tisini nilikuwa naishi nyuma ya duka, chumba kimoja, na binti yangu wa kwanza alikuwa na miaka mitatu, minne. Alikuwa anakaa chini ya meza yangu. Lehemu ikidondoka sakafuni inakuwa kitone cha mviringo kinachong'aa. Alikuwa anaviokota. Aliviita shanga zake. Aliviweka kwenye mkebe wa dawa ya viatu, na akitaka ving'ae anavitia mdomoni, anavitoa, anavipanga kwenye mstari. Nilikuwa nacheka. Wateja walikuwa wanacheka. Alipoanza shule alichelewa sana kusoma. Darasa la tatu bado anaruka mistari, anasahau alichosoma jana, mwalimu ananiita. Nikamchapa. Nilimchapa sana kwa ajili ya kusoma.

Leo ni mama wa watoto wawili, mzima, anauza vitenge, hesabu zake ni kali kuliko zangu. Sisemi ilikuwa risasi. Hakuna aliyempima, na watoto huchelewa kusoma kwa sababu mia. Lakini miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kwamba mtoto mdogo akimeza risasi mwili wake unaifyonza mara nne au tano zaidi ya mtu mzima, kwamba inakwenda kwenye ubongo unaokua, na kwamba Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Nilipomaliza kusoma nilifunga duka siku hiyo saa saba mchana. Sikumwambia mtu kwa nini.

Wanaotaka kisa chenye vipimo, kiko Mombasa, si mbali. Mtaa wa Owino Uhuru, watu kama elfu tatu, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilijengwa ukutani kwao na kufanya kazi kuanzia 2007 mpaka 2014. Betri za magari si kompyuta, najua, lakini risasi ni ileile na moto ni uleule. Mwanamke aliyekuwa akifanya kazi ofisini pale, Phyllis Omido, mtoto wake mchanga akaugua, wakahangaika na malaria na homa ya matumbo mpaka damu ikapimwa ikakutwa na risasi. Akaacha kazi, akaanza kupiga kelele. Wakamkamata. Mwaka 2015 akapewa tuzo ya kimataifa ya mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama ikawaamulia wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabuni wenyewe mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kinafunguliwa alikuwa na miaka mingapi hukumu ya mwisho ilipotoka.

Kuna vingine sitavikalia. Zebaki iko kwenye zile taa nyembamba za nyuma ya skrini bapa za mwanzo, kabla ya LED, msizivunje. Kadimi iko kwenye betri za zamani za kuchaji zilizoandikwa Ni-Cd, hiyo inakula figo. Na kioo cha nyuma cha chogo, kile chenye umbo la faneli, karibu robo ya uzito wake ni oksidi ya risasi. Vijana wanavunja shingo yake ili watoe yoki, ule mviringo wa waya, kwa ajili ya shaba, kioo wanakiacha mtaroni, mvua inakuja.

Haya. Moto.

Wote tunajua unawashwa wapi: kule nyuma ya gereji, ukutani kwenye mtaro, jioni jua linapopoa ili moshi usiwakere wenye nyumba. Nilikwenda mwezi uliopita nikakaa nao. Vijana watatu, mkubwa hajafika ishirini. Walikuwa na kiroba cha waya: za friji, za chaja, za spika, na tumbo la kompyuta. Moto wa waya hauna rangi ya moto wa kuni. Una kijani pembeni na buluu katikati, hiyo ndiyo shaba inajitangaza. Moshi ni mzito, haupandi, unatambaa. Mmoja alikuwa anageuza kwa nondo, uso ameuzungusha upande, mkono mmoja umeziba pua kwa kola ya fulana. Robo saa kazi imekwisha. Wakamwagia maji ya mtaro, ikafuka, wakaanza kuokota nyuzi nyekundu kwenye jivu kwa mikono mitupu. Hatua ishirini hivi kulikuwa na kuku wa mtu anaparua, na vifaranga sita.

Nikamuuliza yule mkubwa, kwa nini hammenyi kwa kisu? Akanitazama kama mtu asiyejua bei. Akaniambia, "Babu, waya na gamba lake mzani hauutaki."

Hilo neno ndilo lililonileta hapa. Tumezoea kuwatukana hawa vijana: wavuta bangi, wachafuzi, hawana elimu. Wana hesabu tu. Nichukue mfano mwepesi, bei zenyewe hupanda na kushuka. Tuseme kilo ya shaba tupu mizani inalipa elfu kumi na tano, na kilo ya waya wenye gamba elfu tatu. Waya wa kilo mbili una shaba kama kilo moja. Akiuleta na gamba anapata elfu sita. Akiuchoma anapata elfu kumi na tano. Tofauti ni elfu tisa kwa robo saa na kiberiti kimoja. Nani humu ndani, pamoja na mimi mwenye mvi, angekataa? Bei ile ndiyo inayowasha. Kijana anashika kiberiti tu.

Gamba la waya mara nyingi ni plastiki ya PVC, na PVC ina klorini. Klorini na bromini zikiungua pamoja na plastiki, huku shaba ipo palepale inaharakisha kazi kama hamira, zinatengeneza sumu zinazoitwa dayoksini. Hizo hazikuwepo kwenye waya. Zinazaliwa kwenye moto. Bodi ikiwa nzima mezani kwangu, sehemu kubwa ya ubaya wake imelala. Ikichomwa, risasi inapanda na masizi, dawa ya moto inavunjika na kuwa kitu kibaya zaidi, vyote vinatua kwenye udongo, na kuku anaparua.

Wenzetu wa Ghana wametutangulia kwa hili, tujifunze kwao bila kulipa ada. Accra kulikuwa na eneo linaitwa Agbogbloshie, kando ya ziwa la Korle. Miaka na miaka vijana walichoma waya pale, wakitumia matairi na sponji za friji kama kuni. Mwaka 2019 ukatoka utafiti wa mayai ya kuku wa kienyeji waliokuwa wakiparua pale. Mtu mzima akila yai moja, moja tu, anapita mara 220 kiwango cha dayoksini ambacho wataalamu wa chakula wa Ulaya wanakiona kinavumilika kwa siku. Yai, mama lishe. Lile unaloweka juu ya chipsi.

Walijaribu nini? Mwaka 2014 waliletewa mashine za kumenya waya. Ni nzuri, kwa waya mnene. Kwa waya mwembamba wa chaja inachukua muda, na wembamba ndio wengi, kwa hiyo moto uliendelea. Baadaye, kwa msaada wa Wajerumani, wakajaribu njia nyingine: kituo kinachonunua waya ukiwa na gamba lake, kwa bei itakayomfanya kijana aone kuchoma ni kujisumbua. Waya ukaanza kuja. Kisha Julai 2021 serikali ikaingiza matingatinga, ikabomoa eneo lote la chakavu kwa siku chache. Picha zilipendeza. Wachomaji wakatawanyika mitaa mingine, wakachoma huko, safari hii bila kituo wala zahanati karibu. Mwenyekiti, hili nalisema nikikutazama wewe kwa heshima zote, kwa sababu nimesikia maneno ya kuwafukuza vijana wa mtaroni.

Najua kuna atakayesema: hizi taka si zetu, zimeletwa. Ana haki nusu. Mwaka 2022 dunia ilitoa tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na zilizokusanywa na kurejelewa kwa njia inayoeleweka ni asilimia 22.3 tu. Kwa Afrika haifiki hata asilimia moja. Kuna mkataba wa Basel wa 1989 wa kudhibiti taka za sumu zinazovuka mipaka, kuna wa Bamako wa 1991 tulioandika Waafrika wenyewe, na tangu tarehe 1 Januari 2025 taka zozote za kielektroniki, za sumu na zisizo za sumu, haziruhusiwi kuvuka mpaka bila nchi inayopokea kuarifiwa na kukubali. Lakini kontena likiandikwa "vifaa vilivyotumika" si taka tena, ni biashara. Tunafungua, kati ya skrini kumi nne haziwaki. Nimenunua makontena ya namna hiyo, kwa hiyo simnyooshei mtu kidole. Ila sisi mafundi tunaofufua zile sita tunafanya kazi ya mazingira kuliko semina nyingi nilizohudhuria zenye maji ya chupa na bahasha. Kitu kilichopona hakichomwi.

Sasa hii ndoo. Bi Mwajuma, nisaidie isogee mbele, asante mama.

Hii ni ndoo ya lita kumi za maji. Nimetia chumvi ya jikoni kilo moja na nusu na kiganja cha ziada, nimekoroga mpaka ikayeyuka yote. Hiki kipande cheupe ni kava la redio isiyo na dawa ya moto. Hiki cheusi ni kava la nyuma la chogo. Ukivipima kwa mkono vyote ni plastiki, huoni tofauti. Natumbukiza. Cheupe kinaelea. Cheusi... mwacheni ashuke. Amekaa chini. Bromini na antimoni ni nzito, ndizo zilizomzamisha. Kwenye maji matupu vyote viwili vingezama, chumvi ndiyo inayowatenganisha. Kuzama si ushahidi wa mwisho, maana kuna plastiki zinazotiwa unga wa mawe au nyuzi za kioo nazo huzama, lakini kilichozama kikae pembeni. Na kabla ya ndoo, someni ndani ya kava, karibu na ile alama ya aina ya plastiki. Mkiona ABS kisha FR na namba 17 kwenye mabano, hiyo ni bromini na antimoni, wamejiandika wenyewe.

Kwa nini nahangaika na kava wakati hakuna shaba ndani yake? Kwa sababu plastiki nyeusi inanunuliwa pia. Inasagwa, inayeyushwa pamoja, nyeusi na nyeusi, na inarudi. Wanaharakati wamenunua vitu vya kuchezea watoto na vitu vya jikoni masokoni katika nchi kadhaa, Tanzania na Kenya zikiwemo, wakavipima, wakakuta ndani yake dawa za kuzuia moto za kwenye tivii. Kitana hakihitaji kuzuia moto. Gari la mtoto halihitaji. Zimefika humo kwa sababu mtu alisaga chogo akachanganya. Nilipolisoma hili nilikwenda jikoni kwangu nikachukua mwiko mweusi wa plastiki ambao mke wangu anageuzia maandazi kwenye mafuta ya moto. Akaniuliza nimepatwa na nini. Nikamwambia huu mwiko ni tivii. Mpaka leo ananitania kwa hilo, majirani wananiita Mzee Mwiko, lakini anatumia wa mti.

Nimeomba dakika tano za mwisho kwa mambo ya kazi, na haya yanatuhusu sisi kwa sisi.

Kwenu mafundi: chai itoke mezani. Si lazima iende mbali, dirishani panatosha, lakini mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kikombe. Vumbi la chogo lifutwe kwa kitambaa chenye maji, tusipulize, na ufagio mkavu mwisho leo. Suruali ya kazi ibaki dukani, isirudi kwenye kitanda unacholala na mtoto. Na mtoto asikae chini ya meza. Hilo sihitaji kulieleza tena.

Bwana afya, Kanuni za taka za umeme na elektroniki za mwaka 2021 zipo, na vibali vya kukusanya vinatolewa. Fomu na masharti vinafaa kampuni yenye ghala. Kijana wa mkokoteni hawezi kuvitimiza, kwa hiyo anabaki mhalifu kila siku anapookota kitu tulichotupa sisi. Naomba mtusaidie kikundi kizima kiingie chini ya kibali kimoja. Nitaandika barua, nitaileta mwenyewe, mniambie tu dirisha gani.

Na sasa kwenu wazee wa mizani. Mpo wanne humu ndani, nimewahesabu. Nimeongea na mafundi, tumechanga, na kuna mashine ya mtumba ya kumenya waya mnene tunayoweza kuinunua tukiongezewa nusu ya bei. Mashine ikae kwenye yadi ya mmoja wenu. Shaba iliyomenywa inatoka nyekundu safi, na nyinyi mnajua kiwandani inalipwa zaidi ya ile iliyoungua. Hiyo tofauti ndiyo itakayowalipa kununua waya na gamba lake kwa bei nzuri. Waya mwembamba nakubali ni tatizo, mashine haiuwezi. Huo tuununue tu, tuufunge magunia, tuuweke mpaka upatikane mnunuzi mwenye kinu cha kusaga. Utachukua nafasi. Nitatoa nusu ya stoo yangu, nikishamtafuta yule mwenye chogo aje alichukue lake.

Mzee Shomari, wewe ndiye mkubwa wao na mizani yako ndiyo inayopanga bei ya mtaa huu, wengine wanakufuata. Yule kijana aliyeniambia waya na gamba lake mzani hauutaki alikuwa anauongelea mzani wako. Amekuja, yule pale mlangoni, amesimama. Kiroba chake kiko nje, hakijachomwa, nilimwomba asikichome mpaka leo saa kumi.

Sasa ni saa kumi kasoro dakika tano. Kilo ya waya wenye gamba, unanunua shilingi ngapi?